Mama Mkwe Sokoni Mwanjelwa

Miezi minne baada ya kustaafu ukaguzi wa shule, Mzee Bartolomeo alikuwa ameshakagua kila kitu nyumbani kwake, na sasa alikuwa amefika jikoni. Alisimama nyuma ya mkewe, mikono mgongoni, akamwambia kwamba maganda ya viazi yalikuwa yanatoka manene bila sababu za msingi. Jana yake alikuwa amepanga vikombe upya kwa kufuata ukubwa. Juzi alimhoji mama muuza maziwa kwa muda mrefu kiasi kwamba yule mama sasa alikuwa anapita mtaa mwingine.

Mkewe, Tumpe, alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu asiyependa maneno mengi. Aliweka kisu chini.

"Baba Lea, kesho nenda kule hospitali. Akina Sekela wanawapikia uji wagonjwa wasio na ndugu. Wanatafuta watu wa kujitolea."

"Wamepungukiwa mwenyekiti?"

"Wamepungukiwa watu."

Bartolomeo alibaki na lile neno mwenyekiti. Asubuhi alivaa koti na tai, akachukua mkoba wake wa kazini, akaenda. Jiko lenyewe lilikuwa banda la mabati nyuma ya hospitali, na ndani yake sufuria kubwa tatu na wanawake wanne waliokuwa na haraka. Sekela, kiongozi wao, mchana aliuza mitumba na asubuhi alikoroga uji. Umri wake ulikuwa sawa na wa walimu aliowahi kuwatetemesha. Aliitazama ile tai.

"Shikamoo mzee. Hiyo tai ichomeke ndani ya shati, isije ikaingia kwenye uji."

Kabla mzee hajamaliza kueleza uzoefu wake wa uongozi, alikuwa ameshika ndoo ya uji mkono mmoja na kapu la vikombe mkono wa pili.

"Wodi ya mifupa, wanaume," Sekela alisema. "Yule wa kitanda cha dirishani ni mgumu kidogo. Akikataa, usibishane naye."

Yule wa dirishani aliitwa Mzee Saulo, Msukuma mfugaji ambaye ukoo wake ulihamia bonde la Usangu zamani. Dume lilikuwa limemkanyaga, na sasa mguu wake ulikuwa umening'inizwa kwa kamba na vyuma. Alikuwa na wiki tatu pale bila mgeni hata mmoja.

"Una maziwa huo uji?" aliuliza.

"Una karanga."

"Karanga wanakula panya."

"Mzee mwenzangu, lishe ni suala la kitaalamu," Bartolomeo alianza, kwa ile sauti iliyokuwa ikinyamazisha ofisi za walimu.

"Una ng'ombe wangapi wewe?"

"Sina."

"Basi hatuna cha kuongea." Akageukia dirishani.

Kwa miaka thelathini hakuna mtu aliyewahi kumpa Bartolomeo kisogo akiwa katikati ya sentensi. Alisimama na kikombe chake mkononi. Mwishowe, kwa kuwa magoti yalikuwa yanamuuma, alikaa ukingoni mwa kitanda na kuuliza kwa unyonge, "Haya, wewe unao wangapi?"

Saulo aliongea dakika arobaini. Alikuwa na ng'ombe wengi, na kila mmoja alikuwa na jina na tabia. Kulikuwa na Diwani, ambaye akishashiba haonekani tena. Kulikuwa na Mama Mkwe, jike jekundu ambalo likishaingia mahali hakuna wa kuliambia litoke. Katikati ya habari za Mama Mkwe, Saulo alipokea kikombe, akanywa uji wote, akarudisha kikombe, akaendelea.

Kesho yake Saulo alimpa mtihani wa mdomo, na mkaguzi akafeli.

"Diwani pembe gani imeinama?"

"Ya kulia."

"Ya kushoto. Wewe huwa unasikiliza, au unangoja zamu yako ya kusema?"

Hilo hakuwahi kuulizwa na mtu. Alilifikiria njia nzima mpaka nyumbani, na jioni alikula viazi vyake bila kutoa maoni. Tumpe alimtazama mara mbili kuhakikisha kwamba mumewe hajaugua.

Akaendelea kwenda. Asubuhi moja mvua ilikuwa inapiga mabati ya wodi, na Saulo hakutaja ng'ombe yeyote.

"Wanangu wapo," alisema baada ya muda. "Ni tope tu. Huko mbugani masika gari halipiti."

"Lea wangu yuko Dodoma," Bartolomeo alijibu. "Huko nako ni kazi tu."

Wazee wawili wakatazama mvua. Uji ulipoa, na siku hiyo hakuna aliyemhimiza mwenzake.

Masika yalipokwisha, mguu ukawa umeunga, na Shadrack, mtoto mkubwa wa Saulo, akatokea Rujewa na Fuso lililojaa mchele. Juu ya magunia alisimama ng'ombe mwekundu.

"Baba amesema huyu Mama Mkwe ni wa jiko la uji," Shadrack alimwambia Bartolomeo, aliyekuja kupokea zawadi, pale soko la Mwanjelwa, mchele ulipokuwa unashushwa. Saulo mwenyewe alikuwa bado hospitali anasubiri karatasi za kuruhusiwa. "Amesema uji wenu mzuri, ila ni mkavu."

Wakamshusha ng'ombe, Shadrack akamkabidhi Bartolomeo kamba. Hapo ndipo ukaguzi wa miaka thelathini ulipomponza. Alikuwa ameandaa hotuba ya kupokea, kurasa mbili, na kurasa mbili hazifunguliwi kwa mkono mmoja, akaachia kamba.

Alipofika kwenye "ndugu mtoa zawadi," Mama Mkwe alikuwa ameshaingia sokoni.

Hakukimbia. Alitembea kama mtu mwenye shughuli zake, akapita kwenye nyanya bila kuzigusa, akafika kwenye kabichi za mwanamke mmoja aitwaye Roza, akaanza kula. Bartolomeo alifika akihema. Akavuta kamba, kamba ikabaki pale pale. Akakumbuka Saulo alivyosema kwamba ng'ombe huyu anataka kubembelezwa kwa jina. Akavua kofia.

"Mama Mkwe," alisema kwa adabu, "nakuomba toka kwenye kabichi za watu."

Soko likasimama. Wauza mitumba waliacha nguo zao wakaja kutazama.

"Mama Mkwe, unanitia aibu. Twende nyumbani."

Katika wale watazamaji kulikuwa na jirani yake, ambaye alikuwa nyuma kabisa na hakuona kitu zaidi ya kichwa cha Bartolomeo. Alipiga simu.

"Tumpe, mama yako yuko hapa sokoni, anakula kabichi mbichi. Mumeo anambembeleza, hasikii."

Mama yake Tumpe alikuwa na miaka themanini na sita, na kwa kadiri Tumpe alivyojua alikuwa Tukuyu. Tumpe alifika sokoni na kanga moja na kandambili zisizolingana. Alipopenya akaona nani hasa anabembelezwa, alikaa juu ya gunia la vitunguu akacheka mpaka machozi. Bartolomeo alikuwa na miaka hajamwona akicheka hivyo.

Saulo ndiye aliyemaliza mambo. Alifika na bajaji kutoka hospitali, mguu umetoka nje kama bomba, akapiga mluzi mmoja mfupi. Mama Mkwe akainua kichwa, akaja.

Ikabaki Roza na kabichi zake.

"Ng'ombe wa nani?"

"Wa wagonjwa," Bartolomeo alisema. "Wale wasio na ndugu. Tunawapikia uji."

"Na mboga?"

"Mboga hatupiki."

Roza alizitazama kabichi zilizong'atwa. "Hizi siuzi tena. Ondoeni palipoliwa, mkapike. Na kesho nakuja kuona kama mmepika kweli."

Akaja kweli. Aliwakuta wanakata kabichi vipande vikubwa, akawanyang'anya kisu akawaonyesha, na ilipofika saa nne alikuwa bado anakata. Wiki iliyofuata alikuja na wenzake wawili wa sokoni na kapu la karoti, na wagonjwa wakaanza kupata chakula cha mchana.

Ng'ombe, kwa kukosa pa kukaa, alifungwa uani kwa Bartolomeo. Asubuhi ya kwanza mzee alikwenda kumkamua akiwa na ndoo na maelekezo aliyoyaandika. Alirudi bila ndoo, anachechemea.

Tumpe alichukua chombo kingine akaenda mwenyewe. Alikuwa amekua na ng'ombe kwao Tukuyu, ingawa alikuwa hajamgusa hata mmoja tangu aolewe. Alichuchumaa, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu mwekundu, akaanza kuimba taratibu kwa Kinyakyusa. Maziwa yakatoka, vikombe vinne.

"Haya yanatosha sufuria tatu?" aliuliza.

"Hayatoshi."

"Yatabadilisha rangi angalau." Akafunika chombo, akachukua mtandio. "Nayapeleka mwenyewe. Nataka kumwona huyo Sekela aliyekufanya ule viazi kimya."

"Na mimi?"

"Wewe ukate majani," alisema Tumpe, akiwa ameshafika getini.