Makofi Mawili Ubavuni

Redio ilipokata saa nne asubuhi, mwongoza ndege aliipiga makofi mawili ubavuni, kama walivyofanya wote pale mnarani mwaka mzima. Siku zote makofi yalitosha. Leo ilinyamaza sekunde arobaini, ndege ya abiria inashuka na gari la zimamoto liko katikati ya barabara ya kutulia ndege. Rubani aliliona mwenyewe, akapaa tena. Hakuna aliyeumia, ila mwongoza ndege, mama wa watu, aliitwa chini kwa mkuu wa mnara.

Maelezo yake yalikwisha kuchapwa. Yeye hajafungua mdomo, karatasi imeshamsemea: *nilichelewa kumjibu rubani kwa uzembe*.

"Saini tu, dada," mkuu alisema kwa upole usio wa kawaida yake. "Utapumzishwa miezi mitatu, leseni yako inabaki."

"Sikuchelewa. Redio ilikufa."

"Redio ipi? Twende tukaione."

Juu, mwenzake wa zamu alikuwa amekalia kiti chake, hakugeuka. Fundi alikuwa na bisibisi, jasho linamtoka. Waya mpya, kipaza sauti kipya. Vipuri walivyovililia mwaka mzima vilikuwa vimefika ndani ya saa moja!

"Fundi, ule waya wa zamani uko wapi?"

"Sijui, dada yangu. Nimeambiwa nibadilishe, nimebadilisha."

"Na rekodi ya mazungumzo?"

"Imegoma kufunguka."

"Imegoma leo hii?"

Fundi alirudia kukaza skrubu iliyokwisha kukazwa.

Mkuu akafungua daftari la zamu. "Mwandiko wa nani huu?"

Ulikuwa wa mama huyo. Asubuhi baada ya asubuhi: *redio iko sawa*. Hakuna aliyewahi kuandika makofi. Ukiandika mbovu, safari zinafutwa na wewe unaitwa mchochezi. Basi wakapiga, wakaandika sawa, wakanywa chai. Mficha maradhi kilio humfichua. Aliona aibu mpaka masikio yakamchoma.

Akachukua kalamu, akaandika huku akisoma kwa sauti: "Nimedanganya humu mwaka mzima. Redio ni mbovu, tunaipiga ndipo iseme. Mkuu anajua."

"Una wazimu? Kudanganya daftari ni kufutiwa leseni! Miaka kumi na tisa unaitupa?"

"Najua." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Bora nifutiwe mimi kuliko watu wateketee. Na kurasa zina namba, usihangaike kuchana."

Mkuu alimrukia yule wa kwenye kiti. "Wewe! Andika hapa chini kwamba redio haijawahi kusumbua. Saini."

"Samahani, mkuu, mikono yangu ina kazi," yule bwana alijibu bila kugeuka.

Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya meza, mitupu.