Paa la Bi Mbodze

Mume wangu Chande alipoacha kazi ya hoteli Diani, alinunua pikipiki ya umeme ili abebe abiria. Nguzo za stima hazijafika upande wetu wa Bongwe, kwa hiyo tukaweka paneli nne za sola juu ya paa. Alitufungia Eunice, fundi wa Ukunda. Alituonya mapema kwamba pikipiki inakula umeme kuliko taa zote za nyumba.

Chande alijipangia hivi: abebe watu asubuhi, arudi adhuhuri achaji, kisha atoke tena baada ya alasiri. Lakini jua likishavuka utosi, kivuli cha mkorosho wa jirani yetu, Bi Mbodze, kilikuwa kinalala juu ya paneli zetu. Mwanzo kilifunika moja tu. Eunice akasema moja ikifunikwa, zote nne zinalegea. Ikawa pikipiki inatoka nyumbani na nusu ya betri.

Siku moja Chande alimbeba mama mmoja aliyekuwa akienda Msambweni kumtazama mgonjwa. Betri ikaisha Mwabungo. Yule mama akatafuta pikipiki nyingine, na mume wangu akaisukuma yake mpaka nyumbani. Alifika amevimba miguu.

"Hafsa," aliniambia, "mwambie Bi Mbodze aukate ule mti. Mimi siwezi."

Mimi nami sikuweza. Mkorosho ule aliupanda marehemu mumewe. Hata hivyo nilikwenda na sahani ya mahamri, nikaketi barazani kwake.

"Shikamoo, Bi Mbodze."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo kwenu?"

Nikaanza kuzungumza habari za mvua, nikaingia za kuku. Akanikatiza.

"Hafsa, una neno. Litoe."

Nikalitoa lote, macho yakiwa chini. Aliinuka, akatoka uani, akaangalia paa letu, akaangalia mti.

"Mti siukati," alisema.

Nikaanza kumwomba radhi, naye akaniinulia mkono.

"Sijamaliza. Asubuhi kivuli kiko kwangu. Mchana kinahamia kwenu. Sasa hivi mabati yangu yanaungua jua, wala hapana anayelitumia. Kwa nini hizo paneli msizilete huku?"

Sikuwa nimewaza jambo hilo hata mara moja. Tulikuwa tumeutazama mti mwezi mzima, hatukuangalia nyuma yake.

Eunice alikuja Jumamosi, akapanda darini kwa Bi Mbodze kabla ya kugusa kitu. Akashuka na unga wa mbao kiganjani. Mchwa walikuwa wamezila boriti tatu.

"Nikipandisha paneli hapa, zitashuka na paa," alisema.

Chande alishinda siku mbili akizibadilisha boriti zile, na Bi Mbodze chini yake akimwelekeza kana kwamba yeye ndiye fundi. Tulichimba mtaro kupitia chini ya ua, tukapitisha waya ndani ya bomba ili nyumba yetu nayo ipate taa. Inveta, kisanduku cha kugeuza umeme wa sola, ikakaa sebuleni kwake, na pikipiki ikawa inalala kwake. Naye akapata taa tatu na pahali pa kuchomeka redio.

Usumbufu haukuisha papo hapo. Wiki ya kwanza mkwe wa Bi Mbodze alichomeka birika la umeme pikipiki ikiwa inachaji, vyote vikazima. Tukakubaliana: chai kwa mkaa mpaka pikipiki itoke. Siku za mawingu Chande hupunguza safari, haendi mbali. Na vumbi na kinyesi juu ya paneli lazima tuvifute, maana kunguru nao hawatuhurumii.

Lakini siku ya kwanza betri ilipojaa kabla ya alasiri, mume wangu, mtu asiye na maneno mengi, alisimama mlangoni kwa Bi Mbodze akimtazama.

"Wanitazama nini?" Bi Mbodze akamuuliza. "Nenda kazini."

Siku hizi Bi Mbodze akiwa nyumbani huketi karibu na pikipiki, akichambua mchicha. Kusoma hakujifunza, ila rangi anazijua. Taa ya chaja ikigeuka kijani, sauti yake huvuka ua mpaka jikoni kwangu:

"Chande! Njoo, imeshiba!"

Nami kila nikiisikia husema alhamdulillahi, kwa jua na kwa jirani.