Kisanduku cha Mtu wa Tatu

Usiku wa jana niliota kisanduku cha mazungumzo kimeninunia kwa sababu nilikibonyeza kabla ya kukisalimia.

Kabla sijaendelea, nieleze kilichonifikisha huko. Nina duka la steshenari hapa Muheza, karibu na soko, na ndani yake kuna kompyuta moja, printa moja na mashine ya kudurufu yenye tabia zake. Shangazi yangu Tatu, aliyepewa jina hilo kwa kuwa alizaliwa wa tatu, ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Mwaka jana alipasuliwa koo. Alipona, lakini sauti haikurudi. Anaongea kwa kunong'ona, haimbi, na hata kucheka hacheki. Mabega tu ndiyo hutikisika.

Sasa binti yake, Mwanakombo, amejifungua, na leo ni arobaini ya mtoto. Shangazi aliniletea nyimbo zake za kubembelezea watoto, zile zile alizonibembelezea mimi, nizitengenezee kijitabu.

"Mimi kumwimbia mjukuu wangu siwezi tena, Mbaruku," alininong'oneza. "Karatasi ndiyo itakayomwimbia. Pembeni uache vidole viwili, mtu apate pa kushikia."

"Sawa, shangazi," nilisema. Mimi ni mtu wa kusema sawa.

Tatizo ni kwamba programu yangu ya kupangia kurasa haina sehemu ya maana ya kuwekea vipimo vya karatasi. Nikapakua kijenzi, yaani kipande cha programu kilichotengenezwa na watu wengine ili kichomekwe ndani ya programu isiyo yao. Maelezo yake yalikuwa mafupi: kijenzi hiki ni cha mtu wa tatu, kisajili, fungua kisanduku cha mazungumzo, weka vipimo, bonyeza Sawa. Nikakisajili. Kikasema hakijasajiliwa. Nikakiondoa, nikakirudisha, nikazima kompyuta, nikaiwasha, nikaipiga kikofi. Mwishowe kisanduku kikafunguka. Penye pambizo ya kushoto, yaani ule ukingo mtupu, nikaandika 20, nikabonyeza Sawa, na printa ikatoa kurasa zilizokatwa upande wa kushoto. Herufi mbili za mwanzo za kila mstari hazikuwepo.

Herufi mbili si kitu ukiwa unachapa tangazo la chumba cha kupanga. Lakini wimbo wa shangazi unakwenda hivi:

Hatutakuacha peke yako,
Hapatapita fisi mlangoni,
Hawatakuchukua wageni.

Na printa yangu ilikuwa imetoa hivi:

tutakuacha peke yako,
patapita fisi mlangoni,
watakuchukua wageni.

Niliposoma niliogopa, sioni sababu ya kuficha. Mtoto hajamaliza hata kuizoea dunia, na zawadi ya bibi yake inamwahidi fisi. Nilijaribu tena na tena mpaka nikachoka, nikaenda kulala na shati langu mwilini.

Basi ndotoni ni adhuhuri na niko dukani. Kisanduku kiko juu ya kaunta. Ni cha mbao, kinatoshana na kopo la biskuti, na kifuani kina vifungo viwili, Sawa na Ghairi. Nabonyeza Sawa.

"Sawa nini?" kinauliza. "Mimi sijasema kitu."

"Nilitaka tu tuendelee."

"Naitwa kisanduku cha mazungumzo. Jana umenifungua kutwa nzima, na hata habari za asubuhi hukuniuliza."

Ni kweli. Naona aibu. "Habari za tangu jana?"

"Nzuri. Za kwako?"

"Salama. Za nyumbani?"

"Hatujambo, ila Ghairi ana mafua."

Natazama kifungo cha Ghairi. Kweli kimelowa. "Mpe pole," nasema.

"Ameshapoa. Haya, sema shida yako."

"Nataka kupanga ukurasa."

"Wima au mlalo?"

"Sawa."

"Sawa nini, bwana? Nimekupa mambo mawili."

"Basi huo wa mwisho."

Muheza ikalala. Haikuanguka, ililala ubavu taratibu, kama mtu anayejua ana muda. Paa la duka likawa ukuta, na mimi nikawa nimekaa juu ya rafu ya madaftari. Mama mmoja muuza machungwa akapita akitembea kwenye ukuta wa posta, beseni kichwani.

"Kaka, tutalala hivi mpaka saa ngapi?" akaniuliza.

"Samahani, dada. Nimekosea kuchagua."

"Mimi sina neno. Machungwa ndiyo yanalalamika kizunguzungu."

"Wima," nikakiambia kisanduku. "Tafadhali."

Mji ukainuka, ukajikung'uta vumbi, ukaendelea na biashara. Kisanduku hakikuonyesha kushangaa. "Pambizo ya kushoto?" kikauliza.

"Ishirini."

"Ishirini nini?"

Nikafikiri. Nilikuwa nimeandika ishirini kwa kujiamini kabisa, lakini ishirini ya nini sikuwa nimejiuliza. "Niliona inatosha," nikasema.

"Nimekaa na ishirini yako tangu jana sijui niifanyie nini. Nilidhani ni ishirini za punje za mchele. Halafu nikasema, labda ni ishirini za mbuzi, nikaona ukurasa hautabeba. Ili nisikose heshima, sikuacha kitu."

Hapo nikasikia watu wanacheka. Kicheko kilitoka ndani ya kisanduku, kicheko cha watu wengi, hahahaha, bila kupumzika.

"Nani hao?"

"Wako pambizoni. Ingia uwaone, usisimuliwe." Kikafungua kifuniko chake, nami nikainama nikaingia, kama mtu anayeingia uvunguni kutafuta kandambili.

Ndani ni uwanja mweupe usio na hata neno moja. Katikati pana rundo la vitu vyeusi vinavyotikisika. Nasogea. Ni Ha. Ni zile Ha zote zilizokatwa kwenye nyimbo za shangazi, zimerundikana.

"Mnacheka nini?" nauliza kwa hasira kidogo.

"Hatucheki," inasema moja. "Tukiwekwa pamoja ndivyo tunavyosikika. Hata sisi hatupendi."

"Kwa nini msirudi kwenu?"

"Muulize huyo."

Nageuka. Mbele yetu umesimama Mstari wa Kukatia, mwembamba, mrefu kutoka chini hadi juu, umenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Ng'ambo yake nawaona Mwanakombo na mwanawe wamekaa kwenye jamvi, na maneno ya wimbo yamewazunguka, yanaimba. Yanaimba kwa sauti ya shangazi, ile ya zamani, nzito, tamu, ambayo sikuwa nimeisikia tangu mwaka jana. Tutakuacha peke yako, yanaimba. Mtoto halii. Anasikiliza tu, macho makavu, kama mtu anayepewa taarifa.

Nikachota Ha nyingi nilivyoweza, nikazikumbatia, nikaenda kwenye Mstari.

"Simama," ukasema Mstari. "Hizo hazijasajiliwa. Na wewe nani?"

"Mimi ni Mbaruku, mwenye duka."

"Umesema mimi. Mtu anayesema mimi ni mtu wa kwanza. Mimi ninayeambiwa wewe ni mtu wa pili. Mali hii ni ya mtu wa tatu."

"Mtu wa tatu yuko wapi?"

"Hayupo. Angekuwepo angekuwa wa pili. Mtu wa tatu anasemwa tu."

"Anasengenywa?"

"Anasemwa kwa mema."

Nikaona hakuna njia nyingine, nikaacha kuwa mimi.

Ikawa hivi. Mbaruku alisimama mbele ya Mstari na Ha mikononi, akiwa sasa mtu wa tatu kamili. Alijiona mwepesi. Alitaka kusema, lakini mtu wa tatu hana wa kumwambia, kwa hiyo alikaa kimya wakamsema.

"Jamaa anaonekana mchovu," ulisema Mstari.

"Jana hakula vizuri," kilijibu kisanduku kutoka huko nje. "Lakini si mtu mbaya. Ana haraka tu."

"Ameshika Ha za watu."

"Anataka kuzirudisha. Sauti anaijua, na mtoto ni wa ndugu yake."

Mbaruku alitikisa kichwa kukubali. Hawakumwona, maana walikuwa wanamsema, hawasemi naye. Wimbo ulikuwa umefika penye fisi, na mtoto alikuwa ameanza kutazama mlango.

"Mtu wa nani huyu?" uliuliza Mstari, kama watu wa Muheza wanavyouliza wakitaka kujua ukoo wa mtu.

"Wa tatu," kilisema kisanduku.

Mbaruku alisikia, na kitu kikamgonga kifuani. Mtu wa nani huyu? Wa Tatu. Ndivyo walivyokuwa wakijibu majirani miaka yote, alipokuwa mdogo na mgeni akiuliza yule mtoto anayecheza uani ni wa nani. Hakuna aliyewahi kusema yatima. Walisema, huyo wa Tatu.

"Herufi kubwa," nikasema, nikawa mimi tena kwa mshtuko, na Ha kadhaa zikaniponyoka. "Mmesajili kwa herufi ndogo. Si mtu wa tatu. Ni mtu wa Tatu."

Neno lile nililisema kwa herufi kubwa. Sauti iliinuka kidogo mwanzoni, kisha ikashuka.

Mstari ukayumba. "Tatu yupi?"

"Shangazi yangu. Aliyenilea. Nyimbo ni zake, mjukuu ni wake, na mimi ni wake. Mimi ni mtu wa Tatu."

Kisha kutoka nje nikasikia kisanduku kinakohoa kidogo. "Basi ungesema mapema," kikasema. "Sasa hapa mazungumzo yamepatikana. Na hiyo pambizo, ni ishirini?"

"Si ishirini. Alisema vidole viwili."

"Vidole vya nani?"

"Vya Tatu."

"Tunavijua," ukasema Mstari, na ukaanza kusogea kushoto. Ulisogea polepole kwa heshima, ukasimama penye upana wa vidole viwili vya mwanamke aliyetwanga, aliyefua na aliyebeba watoto wa watu. Ha zikaniruka mikononi. Kila moja ilikimbilia mstari wake, zikasukumana kidogo, zikaombana radhi, zikatulia. Na sauti ya shangazi ikaimba, Hatutakuacha peke yako. Mtoto akapiga mwayo, akalala.

Nikabaki na Ha moja mkononi.

"Wewe mstari wako uko wapi?" nikaiuliza.

"Sina. Mimi si ya karatasini."

"Umetoka wapi?"

"Kooni kwa mtu. Mwaka jana, hospitali. Walipofungua nikatoka kuchungulia, kurudi nikakuta wameshashona."

"Ulikuwa Ha ya kukataa?"

"Ya kucheka. Ile ya mwanzo, inayozivuta nyingine. Unakwenda upande wa nyumbani kwao?"

"Kesho, kwenye arobaini."

"Basi nipe lifti."

Nikaitia kwenye mfuko wa shati, nikafunga kifungo. Ilikuwa ya uvuguvugu. Nilipotoka nje, kisanduku kikanitazama, kikaniuliza kama mazungumzo yamekwisha, nami kwa mara ya kwanza nikafikiri kabla ya kujibu.

"Sawa," nikasema, nikaamka.

Asubuhi hii nilikwenda dukani kabla ya chai. Nilifungua programu, sikugusa kitu, nikachapa. Kurasa zilitoka nzima. Nilizisoma zote nimesimama, Ha baada ya Ha, kisha nikazikunja, nikazipiga pini, nikaenda kwa shangazi.

Uani kulikuwa na moshi wa pilau na wanawake wengi. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda, mjukuu mapajani, ananukia udi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba," akanong'ona, akapokea kijitabu. Alifungua ukurasa wa kwanza, akalaza vidole viwili kwenye ukingo wa kushoto. Vilikaa sawasawa, havikuzidi wala kupungua. Sikuwahi kumpima vidole shangazi yangu.

"Umepimaje?" akauliza.

"Nilizungumza nacho tu," nikasema.

Akanitazama kama anavyonitazama nikisema upuuzi. Kisha akanyoosha mkono kuniweka sawa shati, maana nilikuwa nimelala nalo na lilikuwa na makunyanzi ya kutia aibu, akafungua kifungo cha mfuko ili akifunge vizuri. Mabega yake yakaanza kutikisika, kimya, kama kawaida ya siku hizi.

"Ha," akasema shangazi.

Wanawake wote wakageuka, na Mwanakombo akaacha mwiko ndani ya sufuria. Shangazi mwenyewe alishika koo lake, akashangaa, na kabla hajamaliza kushangaa zikafuata nyingine, za kukwaruza, mbovu mbovu, lakini zenye sauti. Mtoto alifungua macho akamtazama bibi yake.

Mimi nilipapasa mfuko wa shati. Ulikuwa mtupu, na bado ulikuwa na uvuguvugu.