Laptopu ya Ndwiga Yakataa Kuwaka

Ndwiga, mwalimu wa muziki mjini Meru, alikuwa amemrekodi mama yake akiimba nyimbo za kuvuna mtama kule kwao Ishiara. Nyimbo zote alizihifadhi kwenye laptopu yake, ndani ya Windows, na mama huyo, Mama Regina, angefika Jumamosi kuzisikiliza. Ijumaa mchana Ndwiga akaamua kuweka mfumo wa pili wa kuiendesha laptopu, Linux, kando ya ule wa kwanza, kwa sababu alikuwa amesikia ikisifiwa programu moja ya Linux ya kusafishia sauti.

Kazi ilikwama karibu na mwisho. Alipoizima laptopu na kuiwasha tena, alipata skrini nyeusi na maandishi kwamba hakuna mfumo wowote uliopatikana. Wa pili haupo, wa kwanza haupo. Akabaki ameshika kichwa.

Mkewe, Gatwiri, alirudi kutoka soko la Gakoromone na ndizi, akamkuta hivyo. Alipoelezwa, aliziweka ndizi mezani. Alimpigia simu wifi yake Nelius, dada mdogo wa Ndwiga, anayetunza kompyuta za ofisi moja huko Embu.

Nelius alimkataza kaka yake kubonyeza kitu chochote. Akauliza kama ana nakala ya nyimbo kwingine. Hakuwa nayo. Akauliza kama aliigusa sehemu ya diski yenye Windows. Hakuigusa.

"Na kabla hujaanza, ulibadilisha kitu kwenye mipangilio ya kuwashia?"

Ndwiga alisema hapana. Kisha akakumbuka kwamba flashi aliyowekea Linux ilikataa kusomeka, naye akafuata video fulani, akaiweka laptopu iwake kwa namna ya zamani.

"Basi ni hapo," Nelius akasema. "Windows yako inawaka kwa namna mpya tu. Haijafutika, kaka. Umeifungia mlango."

Ndwiga alishika simu, na Gatwiri ndiye aliyeshika kibodi. Aliingia kwenye mipangilio, akarudisha namna mpya, akahifadhi. Windows ikafunguka. Walipobonyeza wimbo wa kwanza, sauti ya Mama ikajaa sebuleni, na Ndwiga akacheka hadi akaketi sakafuni.

Nelius akaamuru nyimbo zinakiliwe kwanza. Baada ya hapo akawaongoza kuiandaa flashi upya, iwake kwa namna ile ile ya Windows, wakarudia kazi yote. Safari hii laptopu ilipowaka, majina mawili yalitokea kwenye skrini, Linux juu, Windows chini.

Jumamosi Mama Regina alisikiliza nyimbo zilizosafishwa, kichwa ameinamisha. Ndwiga na Gatwiri walingoja sifa.

"Huu wa tatu nimeruka ubeti," alisema hatimaye. "Na huu nimeanza juu mno. Leta hiyo mashine nirudie."

Ndwiga akamsogezea kiti. Gatwiri akatoka kwenda kuwafukuza kuku wa jirani waliokuwa wakipiga kelele dirishani.