Biti Inayovuta Juu

Nélida Huamaní ndiye aliyeendesha mashine ya kuchonga kwa kompyuta katika karakana ya mume wa dada yake, Wilber, katika kitongoji cha Villa El Salvador. Asubuhi moja alimkuta Wilber ameiwasha mwenyewe, anakata milango ya plaiwudi kwa biti, kile kisu chembamba kinachozunguka, ya aina inayovuta unga wa mbao kwenda juu. Kingo zote zilikuwa zimeraruka. Akaizima.

"Shemeji, hiyo inachana uso. Funga ile inayosukuma chini. Halafu umeiingiza kidogo mno kwenye kishikio, itakatika."

"Mwenye karakana nani, wewe au mimi?"

"Karakana yako. Milango ya watu."

Wilber alimzaba kofi, Nélida akaangukia rundo la mbao. Nélida aliinuka na spana, akampiga nayo mdomoni, jino likadondoka. Wilber alitema damu, akaiwasha mashine kwa hasira na kuongeza mwendo.

Biti ilikatika. Kipande kiliruka kikamwingia Wilber shingoni.

Nélida alizima mashine, akavua aproni na kuikandamiza pale damu ilipobubujika. Ilibidi amkalie kifuani, maana Wilber alikuwa bado anarusha ngumi.

"Nipige tu, shemeji," alimwambia, "lakini shingo usiigeuze."

Wilber alipona. Aliporudi karakanani alikuta milango yote imekatwa upya, kingo safi kabisa. Nélida hakuwepo. Alikuwa amehamia kwa fundi wa mtaa wa pili, na biti zake alikuwa amezibeba.