Picha Iliyopimwa kwa Mita

Usiku wa kuamkia leo niliota sufuria ya ugali imekaa mlangoni kwangu na inanizuia kuingia.

Si sufuria ngeni. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana huja kwangu, hapa Voi, marafiki wanne, wanaume wanaopenda wanaume kama mimi, kwa sababu nyumba yangu ina mlango wake peke yake na jirani mmoja tu, naye ni mzito wa kusikia. Anayeingia hutia simu yake ndani ya sufuria, tunafunika, halafu anavua yale mabega ya kiume anayoyavaa barabarani na kukaa anavyotaka. Kinachochekwa ndani hakitoki nje. Sheria hiyo niliitunga mimi, baada ya kufukuzwa nyumba mbili: ya kwanza kwa sababu ya uvumi, ya pili kwa sababu uvumi ule ule ulipanda basi ukanifuata.

"Simu yako," sufuria inasema.

"Mimi ndiye mwenye nyumba."

"Sikuulizia nyumba."

Haki inayo. Wiki tatu zilizopita, wageni wote wakiwa wamesalimisha simu zao, yangu ilikuwa mfukoni. Lenjo, mpenzi wangu, mwalimu wa darasa la nne, alikuwa amesinzia kitini na leso ya maua kichwani, mdomo wazi kidogo. Nikampiga picha. Nikamtumia Kenga, mwenzetu ambaye siku hiyo hakuja, na chini yake nikaandika: "Bibi harusi amechoka." Lenjo aliamka akaniona bado naicheka picha, na aliponiuliza kama nimeituma, nilimjibu kwamba uzuri wake sasa unasifiwa mpaka Taveta. Hakucheka. Aliikunja leso, akaiweka mezani, akaondoka. Tangu hapo nikipiga hapokei, na kila nikianza kumwandikia ukweli, vidole vinaandika utani.

Natia simu ndani ya sufuria. Inajifunika, inameza, inanipisha.

Ndani nataka kukaa. Kiti kinarudi nyuma hatua moja.

"Hujaomba," kinasema.

"Naomba kukaa."

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Hilo ni ombi lingine. Foleni yake iko kule."

Na kweli, pembeni mwa kabati kuna foleni, na watu wote waliojipanga ndani yake ni mimi. Wa mwisho ananisogezea nafasi. Namshukuru, siendi.

Naomba kuvaa ndara zangu. Ya kulia inakubali. Ya kushoto inasema leo haijisikii. Natembea na moja, nachechemea ndani ya nyumba ninayoilipia kodi, na sioni ajabu.

Kikombe cha chai ndicho chenye ukarimu. "Kunywa," kinasema. Nakunywa. Nikifika nusu kinasema, "Basi."

"Lakini ulikubali!"

"Nilikubali. Sasa sikubali."

"Nimeshakunywa nusu, jamani."

"Nusu hiyo ilikuwa tamu, hata mimi niliifurahia. Hii iliyobaki, hapana."

Nakiweka chini. Nakumbuka wanaume walioninunia kwa maneno machache kuliko hayo. Nakumbuka na wawili niliowanunia mimi, mmoja siku nne nzima.

Cherehani inakohoa. Mimi hushona sare za shule, na kwa miaka tisa cherehani hii imesikia mengi bila kuchangia. Leo inachangia.

"Fungua droo," inasema.

Nafungua. Badala ya vifungo, droo imejaa hapana. Ni vitu vidogo vya bati, kila kimoja bado kimefungwa kwa karatasi ya dukani.

"Za nani hizi?"

"Zako, zile ulizoshindwa kusema. Hii ni ya Kenga, alipokuja kulala siku mbili akakaa miezi miwili. Hii ni ya yule wa Mwatate aliyekushika kabla hujamjibu. Ile kubwa sitaki kuitaja, unaijua mwenyewe."

"Nilidhani ziliniishia zamani."

"Hazijafunguliwa hata moja."

Nachukua mbili, natia mfukoni. Nasukuma mlango wa jikoni na kutokea sokoni.

Kenga yuko nyuma ya meza ya vitambaa. Picha ya Lenjo imekuwa jora zima, leso na kiti na mdomo wazi, na Kenga anaipima kwa rula ya mti. Wateja wamejaa. Siwajui, ila wote wanatabasamu upande mmoja.

"Shosti!" Kenga anapaza sauti. "Umeniletea mzigo mwingine? Hii inakwenda, wee! Binamu yangu nimemkatia kidogo tu, yule anayekaa pale Mackinnon. Mita moja na nusu."

"Nimekuja kuichukua."

"Ebo! Si wewe uliyenipa?"

"Nilikupa kisicho changu."

"Mghanga, lini umekuwa mchungaji? Ilikuwa ya kucheka tu, mamangu."

"Ulicheka?"

"Mbavu ziliniuma."

"Basi kazi yake imekwisha. Nipe."

"Niachie kipande basi. Leso tu, bila uso."

Natoa hapana moja, nabandua karatasi yake, naiweka mezani. Inalia kidogo, kama kizibo cha soda kikianguka kwenye saruji. Kenga anaitazama. Anatazama mkasi wake, anaulaza kando.

"Hii hukuwahi kunionyesha," anasema. Hana hasira. Yuko kama mtu aliyelala nyumba fulani miezi miwili na leo ndipo anaambiwa ina chumba kingine.

Namwuliza vipande alivyokwisha kukata vitarudi lini. Anasema havirudi, hata kwa risiti.

Naliinua jora begani. Ni zito kama mtu, kwa sababu ni mtu.

Hatua tatu, na soko ni nyumbani. Nakiomba kiti ruhusa. Kinasema huyu anaruhusiwa, mimi bado. Nalilaza jora hapo. Lenjo anaamka ndani ya kitambaa, anajikunjua polepole, anasimama na leso yake kichwani. Bega moja halipo, na kipande cha sikio. Ni pale mkasi ulipopita.

"Naomba nikukumbatie," nasema.

"Hapana."

Nabaki nilipo. Kule kabatini, foleni nzima inageuka kunitazama kama nitajiunga. Sijiungi. Wa mwisho anakunja mikono, ameudhika.

"Ulituma?" Lenjo anauliza.

Utani unanipanda kooni. Ni mzuri huo, ningeusimulia mwezi mzima. Nautema kiganjani: ni kifungo cha shati, bado cha moto. Nakitupa chini ya meza.

"Nilituma."

"Kwa nani?"

"Kwa Kenga."

"Na Kenga?"

"Kwa binamu yake wa Mackinnon. Baada ya hapo sijui."

Anaitikia kwa kichwa, kama anayesahihisha daftari na kukuta jibu ni sahihi ila limeletwa baada ya mtihani.

"Unajua mimi kwangu nalala vipi?"

"Vipi?"

"Na viatu. Mtu akigonga mlango vibaya, mimi niko tayari. Hapa kwako ndipo mahali pekee nilipowahi kusinzia mchana."

Kwa mara ya kwanza, sitafuti utani.

"Naomba kutoka," anasema.

Mfukoni nimebaki na hapana moja. Naipapasa, ina kona kali. Najua kwa sheria za ndoto hii kwamba nikiiweka kizingitini hatapita, atakaa nami na bega lake moja mpaka nichoke kumtazama. Naiacha ndani ya karatasi yake.

"Pita," nasema.

Anapita. Hakusema atarudi, nami sikumwuliza.

Niliamka jua limeshafika kitandani. Kabla ya kunawa uso nilichukua simu, nikamwandikia Lenjo: "Picha nilimtumia Kenga. Sikukuomba, na uliponiuliza nikafanya mzaha. Samahani. Usipotaka kujibu, usijibu." Nikausoma ujumbe mara mbili kuona kama kuna utani umejificha mahali. Haukuwepo. Nikautuma.

Kisha nikamwandikia Kenga. Nilikuwa na usingizi bado, nikaandika kama mtu anayeendeleza mazungumzo: "Ile picha ya Lenjo ifute leo. Na yule binamu yako wa Mackinnon umwambie afute."

Kenga, ambaye katika maisha yake yote hajawahi kujibu ujumbe kabla ya saa nne, alijibu papo hapo.

"Nafuta. Lakini Mghanga, habari za binamu yangu umezipata kwa nani? Sijamwambia mtu."

Nikalifungua tena jina la Lenjo, kwa kuwa ukweli niliomtumia ulikuwa nusu tu: binamu sikumtaja.