Vitufe vya Pancras

Mume wangu Pancras alitengeneza kompyuta yake isitumie mausi. Kila kitu kilifunguliwa kwa vitufe alivyovipanga mwenyewe, na kila dirisha jipya lililofunguka kwenye kioo liliyabana ya zamani yakawa madogo. Nilimwambia anifundishe. Akacheka: "Mama Dina, si mimi nipo?"

Tulimzika hapa Newala wiki iliyopita. Leo nimefunua kompyuta nitafute picha ya arobaini. Ile aliyoiacha wazi imejaa kioo kizima: Pancras anacheka, ndoo ya maji kichwani. Nikabonyeza kitufe nikidhani kitaihamishia kwenye simu yangu. Likaja dirisha jeusi, picha ikawa nusu. Nikabonyeza tena, ikawa robo. Mpumbavu wee Pancras, vitufe hivi ulimficha nani? Nikagongagonga kwa hasira.

Sasa uso wake ni mdogo kuliko ukucha wangu. Kitufe cha kumrudisha alikijua yeye tu.